Kwa nini maombi yetu ya nyumba za Habitat (Marekani) yanakwama? Wenye kujua tuwekane sawa

#1 Mpangaji_Ghorofa3

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa tulio Marekani, hasa familia zilizokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wengi kupitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda.

Kuna shirika la Habitat for Humanity. Linajenga nyumba kwa mikono ya watu wa kujitolea, kisha linaiuzia familia ya kipato cha chini kwa mkopo usio na riba au wenye riba ndogo. Si nyumba ya bure, unailipa kila mwezi na hati inakuwa na jina lako. Kila dirisha la maombi likifunguliwa jamii yetu inajaza fomu kwa wingi, na wengi wanarudishwa.

Dai langu: tatizo ni ukubwa wa familia. Nyumba zao nyingi ni vyumba vitatu, futi za mraba 1,100 hadi 1,200 hivi. Wakiona watu wanane kwenye fomu wanaiweka pembeni. Wengine wanasema ni karatasi za uhamiaji, wengine wanasema ni bahati nasibu tu. Naombeni namba, si uvumi.

#2 KaratasiKwanza

Mkuu, kabla ya kukisia: barua ya kukataliwa inasema nini?

Habitat ikikopesha inabanwa na sheria ya usawa katika mikopo ya mwaka 1974. Ombi likikamilika wana siku 30 kukujibu. Wakikataa, barua lazima iwe na sababu mahususi, au ikueleze kwamba una haki ya kuziomba ndani ya siku 60. "Hukukidhi vigezo" peke yake si sababu, waandikie uombe sababu yenyewe. Kama wametumia ripoti yako ya mikopo (kredi, yaani rekodi ya unavyolipa madeni), una siku 60 za kuipata bure kutoka kampuni iliyotajwa kwenye barua.

Wengi wanasoma mstari wa kwanza, wanaona "tunasikitika", wanaitupa. Jibu la uzi huu liko kwenye hiyo karatasi iliyotupwa.

Jambo la pili: hakuna Habitat moja. Kila kaunti au mji una tawi lake, na kila tawi lina bodi yake, dirisha lake, viwango vyake. Vigezo vitatu ndivyo vya pamoja: uhitaji wa makazi, uwezo wa kulipa, na utayari wa kushirikiana, yaani saa za jasho (kazi ya kujitolea unayoifanya mwenyewe). Kwa hiyo mtu wa Idaho akikwambia "alama za kredi ni 620" usiipeleke Kentucky kama sheria.

#3 HesabuNiHesabu

Naanza na dai la #1, kwa sababu kwenye kipato ni kinyume kabisa.

Kikomo cha kipato kinatokana na kipato cha kati cha eneo, ambacho wizara ya nyumba ya Marekani (HUD) hutangaza kila mwaka kwa kila kaunti. Matawi mengi huchukua familia zilizo kati ya asilimia 30 na 80 ya kiwango hicho, mengine huishia 60. Familia ya watu 4 ndiyo kipimo. Kila mtu anayezidi hapo anaongeza asilimia 8: watu 5 ni 108, watu 6 ni 116, watu 8 ni 132.

Mfano: kama kikomo cha watu 4 kwenu ni dola 72,000, cha watu 8 ni kama 95,000. Familia kubwa inaruhusiwa kuingiza zaidi. Haibanwi.

#4 Mtafsiri_wa_Zamu

Ndugu HesabuNiHesabu, aksanti, lakini hapo kuna kona umeipita. Kikomo cha juu kinahesabu mishahara ya kila mtu mzima anayelala humo ndani. Uwezo wa kulipa unahesabu wale tu watakaosaini mkopo. Hesabu mbili tofauti, familia ile ile.

Kwetu ni kawaida kijana wa miaka 20 kufanya kazi kwenye ghala huku akiishi na wazazi. Baba 40,000, mama 32,000, kijana 30,000: jumla 102,000. Wamepita kikomo cha 95,000. Lakini mkopo wangesaini baba na mama peke yao, yaani 72,000. Kwa hiyo wanaambiwa mna pesa nyingi, wakati waliotaka kusaini hawana hizo pesa. Barua inapotafsiriwa haraka haraka, familia inaelewa "wametukataa kwa sababu tuko wengi". Hapo Mpangaji hajakosea sana.

Usimfiche huyo kijana. Jina lake liko kwenye mkataba wa pango na pengine kwenye ritani ya kodi, wataliona. Uliza tawi: mwanafunzi wa kutwa anahesabiwaje? Matawi mengi hayahesabu mshahara wote wa mtoto tegemezi anayesoma kutwa, lakini yanataka barua ya chuo.

#5 Mpangaji_Ghorofa3

Nimepokea, Mtafsiri. Ila vyumba vitatu kwa watu wanane bado ni vitatu.

#6 Fundi_Mbao

Hapo uko sahihi, na ndiyo sababu halali ambayo haiko kwenye kipato. Tawi linalinganisha familia na nyumba lililo nayo kwenye ramani mwaka huo. Likiwa na viwanja vidogo vya vyumba vitatu tu, familia ya wanane inasubiri au inaelekezwa dirisha lijalo. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kujaza fomu ni: "Awamu hii mnajenga vyumba vingapi?" Swali la dakika moja kwenye simu linakuokoa miezi.

#7 DerevaWaUsiku

Mimi nasema gari. Si familia, si karatasi. Gari.

#8 HesabuNiHesabu

Dereva kasema neno moja lenye uzito kuliko kurasa zetu. Naliweka kwenye namba.

Kipato kabla ya makato: dola 3,600 kwa mwezi. Malipo ya nyumba kwa kawaida hayavuki asilimia 30, yaani 1,080. Madeni yote pamoja na nyumba matawi mengi hayataki yavuke asilimia 43, yaani 1,548.

Sasa nyumba: mkopo wa 216,000 kwa miaka 30 bila riba ni dola 600 kwa mwezi (gawa kwa 360, basi). Weka kodi ya serikali juu ya nyumba (si pango) 290 na bima 150. Jumla 1,040. Umepita mtihani wa kwanza. Kisha gari la 560 kwa mwezi: 1,600. Umezidi 1,548 kwa dola 52. Dola 52 tu, na fomu imerudi.

Mkopo huo huo benki kwa riba ya asilimia 6.5 ungekuwa zaidi ya dola 1,365 kwa mwezi, kabla ya kodi na bima. Ndiyo maana inafaa kupigania hizo 52.

#9 KaratasiKwanza

Naongeza kwenye #8: gari uliloweka sahihi kwa ajili ya shemeji au mtoto wa mjomba ni deni lako. Mkopeshaji haoni shemeji, anaona jina lako. Baadhi watalitoa kwenye hesabu ukiwaletea miezi 12 ya taarifa za benki zinazoonyesha yeye ndiye anayelipa, kutoka akaunti yake. Akikupa taslimu mkononi ukalipa wewe, umelipa wewe.

#10 DerevaWaUsiku

Na gari lina upande wa pili, kwa wanaoendesha Uber au Lyft. Mtu anasema "naingiza elfu 58 kwa mwaka". Mkopeshaji hasomi hiyo. Anasoma mstari wa faida halisi kwenye ritani, fomu ya Schedule C ya wanaojiajiri, wastani wa miaka miwili.

Kodi za mwaka 2024 maili moja ya biashara ilipunguza senti 67 kwenye kipato kinachotozwa kodi. Maili 40,000 ni dola 26,800 zimetoka. Toa na makato ya kampuni. Aliyefurahi kulipa kodi ndogo mwezi wa nne, mwezi wa tisa anaambiwa kipato hakitoshi. Wote wawili ni yeye.

#11 HesabuNiHesabu

Sahihi, ila usiishie hapo mkuu. Katika zile senti 67, senti 30 zilikuwa za uchakavu wa gari, si pesa iliyotoka mfukoni. Wakopeshaji wengi wanairudisha kwenye kipato: maili 40,000 mara senti 30 ni dola 12,000 kwa mwaka, sawa na 1,000 kwa mwezi. Si kila tawi linafanya hesabu hiyo bila kukumbushwa. Peleka ukurasa wa maili wa ritani na uulize kwa heshima kama uchakavu umerudishwa.

#12 DerevaWaUsiku

Hii ya senti 30 nailipia chai. Aksanti.

#13 Binti_wa_Pwani

Assalaam aleikum. Nina maswali mawili ambayo kwenye jamii ya Waislamu yanawafanya watu wasijaze kabisa. Shirika ni la Kikristo, je Mwislamu anapata? Na "bila riba" ni kweli, au jina limebadilishwa tu?

#14 Mtafsiri_wa_Zamu

Waaleikum salaam dada. La kwanza: ndiyo. Dini haimo kwenye vigezo, na sheria za makazi na mikopo zinakataza kubagua kwa dini. Siku ya kukabidhi nyumba kuna matawi yanayosoma dua na kutoa Biblia. Mweleze mratibu mapema, wamezoea familia za dini mbalimbali.

#15 KaratasiKwanza

La pili linahitaji macho, dada. Zamani mkopo wa Habitat karibu kote ulikuwa bila riba, na matawi mengi bado yako hivyo. Lakini mengine sasa yanaipeleka familia kwenye mkopo wa wizara ya kilimo kwa nyumba za vijijini (USDA, mpango namba 502), au benki shirika, ambako riba ipo ingawa malipo yanapunguzwa ili mtu aweze kulipa. Kwa anayehesabu dola inaweza kuwa sawa. Kwa anayekwepa riba kwa imani si sawa.

Uliza hivi: "Nani atakuwa mkopeshaji kwenye hati, na kiwango cha riba kitakachoandikwa ni kipi?" Jibu litakalokufaa ni jina la tawi na sifuri. Uliza pia faini ya kuchelewa. Hiyo ipo hata kwenye mkopo wa sifuri, na kuna wanaoiona ni riba kwa mlango wa nyuma.

#16 Binti_wa_Pwani

Hili la faini nitaliacha kwa wenye elimu ya fiqhi, wako wanaotofautisha na wako wasiotofautisha. Shukran.

#17 Mpangaji_Ghorofa3

Turudi kwenye karatasi za uhamiaji. Mkimbizi asiye na grini kadi anapita au hapiti?

#18 Yaya_wa_Goma

Matawi mengi yanaandika wazi: raia au mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi. Machache yanapokea mkimbizi au aliyepewa hifadhi mwenye I-94 (karatasi ya kuingia nchini). Inategemea fedha za mradi zimetoka wapi, kwa sababu kila mfadhili anakuja na masharti yake. Mkimbizi anaruhusiwa, na anatakiwa, kuomba grini kadi akitimiza mwaka mmoja nchini. Wengi wanachelewesha miaka mitatu, minne, kisha wanalaumu Habitat.

Lakini kwa maoni yangu karatasi za uhamiaji zinatuumiza kwa njia nyingine: majina na tarehe. Kambini mtu asiyejua tarehe ya kuzaliwa aliandikiwa Januari 1. Sasa kwenye mji mmoja una watu kadhaa wenye jina la ukoo lile lile, herufi ya kwanza ile ile, Januari 1, na walipita majengo yale yale ya kupanga. Faili za kredi zinachanganyika. Deni la hospitali la mtu mwingine linakaa kwenye ripoti yako. Bado hujaja kwenye jina: kadi ya Social Security ina majina mawili, grini kadi ina matatu, leseni imegeuza la mwisho likawa la kwanza.

#19 KaratasiKwanza

#18 ni dhahabu. Utaratibu:

Chukua ripoti zote tatu (Equifax, Experian, TransUnion) kwenye annualcreditreport.com. Ni bure, sasa hivi hata kila wiki. Usiangalie namba ya alama kwanza, anza na ukurasa wa anwani. Ukiona mtaa ambao hujawahi kulala, faili limechanganyika. Pinga kwa maandishi kwa kila kampuni peke yake, ukiambatanisha nakala ya kitambulisho na kadi ya Social Security. Kwa kawaida wana siku 30 kuchunguza. Fanya hivi miezi minne kabla ya dirisha, si wiki moja kabla.

Na kutokuwa na kredi kabisa si sawa na kuwa na kredi mbaya. Matawi mengi yanakubali miezi 12 ya risiti: pango, umeme, simu, bima ya gari. Pango liwe limelipwa kwa hundi au benki. Taslimu bila risiti haijawahi kulipwa, machoni pao.

#20 Sabato_Njema

Mabwana, mnaongea kama kila kitu kinakwama kwenye fomu. Wapo wanaopita fomu na kuangukia saa za jasho. Ujenzi mwingi wa kujitolea unafanyika Jumamosi. Jamii yetu ina Wasabato wengi. Saa 250 kwa mtu mzima, ukifanya saa 8 kwa siku, ni Jumamosi 32. Hazipo.

#21 Fundi_Mbao

Saa zinatofautiana: kuna tawi la 200, kuna la 250 kwa kila mtu mzima, kuna la 500 kwa wanandoa. Jumamosi siyo njia pekee. Matawi mengi yanajenga pia katikati ya wiki, na saa za dukani kwao (ReStore, wanakouza milango, masinki na vifaa vilivyotolewa) zinahesabiwa, na madarasa ya mwenye nyumba mpya yanahesabiwa. Sema suala la Sabato kwenye mahojiano ya kwanza. Ukikubali "niko tayari siku zote" halafu usionekane Jumamosi nne, kwenye faili hiyo ni kukosa ushirikiano, kigezo cha tatu kile.

Ndugu na marafiki wanaweza kukuchangia sehemu ya saa, tawi linasema kiasi gani. Chini ya miaka 16 haruhusiwi kwenye eneo la ujenzi kazi ikiendelea. Miaka 16 na 17 anaingia, lakini si juu ya paa, si kubomoa, si mashine za umeme. Matawi mengine yanampa mtoto saa chache kwa matokeo mazuri ya shule.

Na karatasi ya saa: isainiwe na msimamizi siku hiyo hiyo, kabla hujavua kofia. Saa ambayo haikusainiwa haipo.

#22 Mpangaji_Ghorofa3

Asiyejua hata kushika nyundo?

#23 Fundi_Mbao

Anafundishwa pale pale. Waliotoka kwetu wakijua ujenzi ndio wanaokosea zaidi, kwa sababu mkono umezoea tofali na saruji, na nyumba ya Marekani ni mbao: nguzo za 2x4 au 2x6, kutoka kati ya moja hadi kati ya nyingine inchi 16.

Chukua saidingi, yale mabapa ya vinili yanayofunika ukuta wa nje. Mtu mwenye nguvu anapigilia msumari mpaka kichwa kinauma bapa. Anaona amefanya kazi imara. Jua la Julai likipiga, vinili inarefuka, haina pa kwenda, ukuta unavimba mawimbi. Kazi sahihi: msumari katikati ya lile tundu refu, wala si pembeni yake, na kichwa kiache nafasi ya unene wa sarafu ya senti 10. Mwisho wa bapa, linapoingia kwenye mfereji wa kona, acha robo inchi. Kisha lishike kwa viganja ulisukume kushoto na kulia. Likiteleza kidogo, umelitundika vizuri. Likigoma, ng'oa msumari. Baridi kali ikiwepo ongeza nafasi, maana linarefuka zaidi joto likija.

#24 DerevaWaUsiku

Fundi akianza saidingi hatulali leo. Lakini endelea mkuu, nyumba ni hiyo hiyo tunayoiombea.

#25 Yaya_wa_Goma

Kidogo nje ya mada: vijana wanajua kwamba mpango huu ulijaribiwa Kongo kabla ya kuwa shirika? Mbandaka, enzi za Zaire. Kisha Rais Jimmy Carter akaanzisha Habitat.

#26 KaratasiKwanza

Yaya, nusu ya kwanza ni kweli, ya pili nairekebisha. Walioanzisha ni Millard Fuller na mkewe Linda, mwaka 1976, Americus, Georgia. Wazo walilipata kwenye shamba la jumuiya la Koinonia, hapo jirani, wakiwa na Clarence Jordan: nyumba bila faida na bila riba, malipo yanarudi kwenye mfuko kujenga nyingine. Mwaka 1973 wakalipeleka Mbandaka kwa miaka mitatu, wakaona linawezekana mbali na Georgia, wakarudi na kuanzisha shirika. Carter alianza kujitolea mwaka 1984 na akaendelea kushika nyundo hata alipopita miaka 90. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Mwanzilishi hakuwa yeye, ingawa bila yeye wengi wasingelijua jina hilo.

#27 Yaya_wa_Goma

Nimerekebishwa kwa heshima. Mbandaka inabaki.

#28 Sabato_Njema

Ile ziara ya nyumbani je? Inasemekana wanakuja kuangalia usafi, na ndipo familia zinapoanguka.

#29 Mtafsiri_wa_Zamu

Hapana, na uvumi huu unaharibu mengi. Kamati inakuja kuona uhitaji: watu wangapi kwa chumba, pango linakula asilimia ngapi ya kipato, mtambo wa kupasha nyumba joto unafanya kazi, kuna ukungu ukutani, kuna maji yanayovuja. Familia zetu zinafanya heshima ya mgeni. Kabati linasogezwa mbele ya ukungu, godoro la sebuleni linafichwa kwa jirani, sambusa zinakaangwa, watoto wanatolewa nje. Kamati inaondoka imeandika: makazi yanatosha.

Pika chai, sawa. Lakini kabati liache mahali pake na godoro libaki sebuleni. Omba mkalimani wa watu wazima, wala usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri neno kama "rehani". Nimeona "gross" ikitafsiriwa kama mshahara unaofika mkononi, na fomu nzima ikaenda upogo kwa mamia ya dola.

#30 HesabuNiHesabu

Hapo kwenye "gross" nipige mstari. Ni mshahara kabla ya kodi na makato. Ukiandika wa mkononi unaweza kuonekana uko chini ya asilimia 30 wakati uko ndani.

#31 Binti_wa_Pwani

Kuna wanaosema nyumba yenyewe si yako, kwamba kuna deni la pili lililofichwa.

#32 KaratasiKwanza

Halijafichwa, limo kwenye hati. Nyumba ikithaminiwa 296,000 na mkopo wako ni 216,000, tofauti ya 80,000 mara nyingi inaandikwa kama mkopo wa pili usiolipwa kila mwezi. Tawi moja linaufuta kidogo kidogo kila mwaka, jingine linaudai siku ya kuuza. Juu yake kuna haki ya tawi kununua kwanza ukitaka kuuza, na sharti kwamba uishi humo mwenyewe. Kuipangisha yote na kuhamia kwingine ni kuvunja mkataba.

Kwangu hiyo ni kinga. Bila hiyo, mtu angeinunua kwa 216,000 na kuiuza mwaka unaofuata.

#33 DerevaWaUsiku

Na kwangu ni kamba. Mtu akipata kazi jimbo jingine mwaka wa tatu, kamba inamvuta. Tutatofautiana hapo. Kuna matawi ambayo ardhi inabaki ya mfuko wa jamii na wewe unamiliki jengo tu kwa mkataba wa miaka 99. Hilo watu walijue kabla ya kusaini.

#34 Fundi_Mbao

Wote wawili wasome hati na mwanasheria wao. Mimi naogopa zaidi mwaka wa pili. Kodi ya mwaka wa kwanza wakati mwingine inapigwa kwenye kiwanja kitupu, kwa sababu siku ya tathmini nyumba haikuwepo. Mwaka unaofuata wanathamini jengo. Malipo yanapanda, na pengo la mwaka uliopita linagawanywa kwenye miezi 12 juu yake. Mtu anadhani ameibiwa. Uliza siku ya kusaini: "Kodi hii ni ya kiwanja au ya nyumba iliyokamilika?" Na ombeni punguzo la nyumba ya kuishi kwenye ofisi ya kaunti, majimbo mengi haliji lenyewe.

#35 Mpangaji_Ghorofa3

Nakusanya: ukubwa wa familia, gari, Schedule C, majina, Sabato, kabati mbele ya ukungu. Bado sijui ipi ndiyo kubwa.

#36 Yaya_wa_Goma

Majina.

#37 HesabuNiHesabu

Gari.

#38 Mtafsiri_wa_Zamu

Mimi nina ya saba: likelemba. Upatu, kikoba, mchezo, kila mtu na jina lake. Kianzio (malipo ya mwanzo ya nyumba) na gharama za kusaini wengi wanazipata huko. Kwenye taarifa ya benki inaonekana dola 4,000 zimeingia ghafla. Mkopeshaji anauliza: hili ni deni?

#39 KaratasiKwanza

Andika barua ya maelezo, fupi: "Dola 4,000 zilizoingia tarehe fulani ni zamu yangu katika kikundi cha akiba cha watu 10, kila mmoja anachangia dola 400 kwa mwezi. Nilianza mwezi fulani. Nimeshachangia mara kadhaa, nimebakiza mara kadhaa." Ambatanisha orodha ya zamu na sahihi ya mweka hazina.

#40 HesabuNiHesabu

Na zamu ni ya ngapi? Hapo ndipo ukweli ulipo. Zamu ya 10: umeshatoa 4,000, hiyo ni akiba yako imerudi. Zamu ya 3: umetoa 1,200, umebakiza 2,800 za kulipa. Mkopeshaji makini ataziweka kama 400 kwa mwezi kwenye ile asilimia 43, na tumeona dola 52 zinafanya nini.

#41 Mpangaji_Ghorofa3

Wengi wanaomba taarifa za benki za miezi miwili au mitatu tu. Zamu ikipokelewa miezi minne kabla, haitaonekana.

#42 Mtafsiri_wa_Zamu

Zile 4,000 hazitaonekana, lakini michango ya 400 inayotoka kila mwezi itaonekana. Na fomu inauliza madeni yote, unasaini chini yake. Afadhali abadilishane zamu na wa mwisho kabla mchezo haujaanza, wenzake wakijua ni kwa ajili ya nyumba watamwachia.

#43 Sabato_Njema

Na barua hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye grini kadi, majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule.